Aksolotli Mweusi Si Jini, Wala Si Samaki

Mwaka juzi, saa nane za usiku, simu yangu ililia. Dada yangu anaishi Minneapolis, Marekani, ambako saa hizo ilikuwa bado jioni na maduka yako wazi. Alinitumia picha iliyopigwa kupitia kioo cha duka la wanyama, ikifuatiwa na ujumbe wa sauti: "Kaka, hebu ona kitu anachokililia mpwa wako. Kina mikono. Kina mapembe sita. Kinacheka. Halafu cheusi tititi. Hiki si jini kweli?"

Kitu chenyewe kilikuwa aksolotli. Mpwa wangu, wakati huo ana miaka tisa, alikutana naye kwenye mchezo wa kompyuta wa Minecraft, ulioingiza mnyama huyo mwaka 2021 na kuwafanya watoto wamjue kuliko walimu wao wa baiolojia. Mimi nafuga samaki wa mapambo, kwa hiyo kwenye ukoo wetu kila swali lenye maji na kioo huletwa kwangu. Tangu usiku ule nimeulizwa habari za mnyama huyu na mzazi mmoja wa Mikocheni, na binamu aliyeko Muscat, na kijana wa Nairobi aliyetaka kuagiza mayai yake. Karibu wote wanatatizwa na mambo yaleyale mawili. Hawajui ni mnyama wa kundi gani, na hawaelewi mbona yule wa mtandaoni ni wa pinki na huyu wa dukani ni mweusi. Swali la tatu, la maji atakayokaa, huwa hawaulizi, na ndilo lenye kuua.

Kiluwiluwi aliyegoma njiani

Tuanze na chura, maana chura tunamjua. Yai lake likianguliwa majini hutoka kiluwiluwi mwenye mkia, anayepumua kwa matamvua kama samaki. Siku zinakwenda, miguu inaota, mkia unanywea, mapafu yanakomaa, na kiluwiluwi anatoka majini akiwa chura. Badiliko hilo la mwili mzima tuliite mgeuko.

Salamanda ni binamu wa chura mwenye mkia. Naye kwa kawaida huanza kama kiluwiluwi na kupitia mgeuko, ila mkia wake haunywei. Salamanda wa porini hawapo kusini mwa Sahara, ndiyo maana hatuna jina lao la asili na kila anayewaona mara ya kwanza husema "mjusi". Si mjusi. Mjusi ana magamba na hutaga mayai yenye ganda. Salamanda ana ngozi tupu yenye utelezi kama ya chura, na mayai yake ni kama punje ndani ya ute.

Sasa aksolotli ni salamanda aliyegoma njiani. Anaota miguu minne, anapata hata mapafu, halafu anasimama hapohapo: anabaki na matamvua yake, anabaki na pezi la mkiani, anabaki majini. Anakua hadi sentimita 20 na kitu, wengine hufika 30, anapevuka, anazaana, anazeeka, na bado ni kiluwiluwi. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15. Wanasayansi huiita hali hiyo neotenia. Sababu iko kwenye tezi ya thairoidi, ileile ya shingoni ambayo kwetu ikivimba huitwa goita. Kwa salamanda wengine hufika siku tezi hiyo ikamwaga homoni nyingi kwa mpigo, na mwili ukapokea amri ya kugeuka. Kwa aksolotli homoni haifiki kiasi hicho, basi amri haitoki.

Yale "mapembe" ni matamvua. Samaki huyaficha ya kwake chini ya kifuniko cha shavu, lakini huyu ameyaning'iniza nje, matatu kila upande, kama matamvua ya shali. Lugha yetu ilishaliona hilo zamani, neno ni lilelile. Damu hupita kwenye nyuzi hizo na kuchukua oksijeni ya majini. Hupumua pia kwa ngozi, na mara mojamoja hupanda juu kumeza hewa kwa yale mapafu yake. Mpwa wangu alipomwona akifanya hivyo mara ya kwanza alipiga mayowe nyumba nzima ikakusanyika.

Na kicheko? Ni mkato wa mdomo tu. Akiwa na njaa anacheka, akiwa anakufa anacheka.

Huko kwao

Kwao ni Meksiko, kwenye bonde la mji mkuu, katika maji ya Xochimilco. Zamani alikuwapo pia kwenye ziwa la jirani, Chalco, ambalo lilikaushwa. Xochimilco yenyewe imebaki kuwa mtandao wa mifereji inayopita kati ya chinampa, yaani vishamba ambavyo wakulima walivijenga juu ya maji kwa tope na majani tangu kabla Wahispania hawajafika. Mahali hapo pako zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kikumbuke kimo hicho, tutakirudia. Anayetaka kuipata baridi yake afikirie Limuru au Njombe, si Tanga.

Jina lake ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na linahusishwa na mungu wao Xolotl. Inasimuliwa kwamba Xolotl alikimbia asitolewe kafara, akajigeuza mmea wa mahindi, akajigeuza mmea wa jamii ya mkonge, mwisho akajitupa majini akawa aksolotli, na huko ndiko alikokamatwa. Kwa hiyo dada yangu, kwa kushuku jini, hakuwa mbali sana na Waazteki.

Siku hizi picha yake iko kwenye noti ya peso 50 ya Meksiko, iliyotolewa mwaka 2021. Kwenye mifereji yenyewe hali ni mbaya. Hesabu ya mwaka 1998 ilikadiria aksolotli 6,000 katika kilomita moja ya mraba, ile ya 2014 ilipata yapata 36. Maji machafu ya jiji yana sehemu yake ya lawama. Sehemu nyingine inatugusa na sisi: miaka ya 1970 na 1980 maji yale yalipandikizwa samaki ili watu wapate kitoweo, na miongoni mwao walikuwamo tilapia wenye asili ya Afrika, jamaa ya sato na perege tunaowakaanga. Samaki hao wakajaa, wakala mayai na watoto wa aksolotli. Msomaji wa Mwanza au Kisumu hahitaji kuelezwa zaidi. Sangara aliwafanyia vivyo hivyo furu wa Ziwa Victoria.

Nyeusi ndiyo rangi ya asili

Wengi hudhani yule wa pinki ndiye aksolotli halisi na mweusi ni chotara, au mgonjwa, au ana sumu, au amekamatwa porini. Ni kinyume. Aksolotli wa Xochimilco ni wa giza: hudhurungi au kijani cha zeituni kinachokaribia weusi, chenye madoa meusi zaidi na vumbi la dhahabu lililonyunyizwa juu yake, na pete ya dhahabu kuzunguka mboni ya jicho. Akilala kwenye tope la mfereji, ndege mla samaki anayepita juu haoni kitu. Mweupe angeonekana kama sahani.

Weupe walitokana na safari moja. Mwaka 1863, Wafaransa walipokuwa wameingia Meksiko kijeshi, msafara wao ulikusanya aksolotli 34 hai wakasafirishwa hadi Paris. Thelathini na watatu walikuwa wa giza. Mmoja, dume, alikuwa mweupe. Mtaalamu Auguste Duméril alipewa sita kati yao, huyo mweupe akiwamo, na mwaka 1865 wakazaana. Duméril alikuwa mkarimu, akagawa watoto wao kwa wataalamu wengine wa Ulaya, nao wakagawa tena, na sehemu kubwa ya aksolotli wanaofugwa leo duniani ni wajukuu wa kikundi hicho kidogo. Wale weupe wenye macho meusi wanaojaa mitandaoni ukoo wao unarudi kwa dume yule mmoja.

Duméril alipata na mshangao wa pili. Baadhi ya watoto hao walipoteza matamvua, wakapitia mgeuko, wakawa salamanda wa nchi kavu. Mpaka hapo hakuwa na njia ya kujua kwa hakika kwamba wanyama aliokuwa nao walikuwa viluwiluwi. Ni kama kufuga unachodhani ni minyoo ukaamka ukute vipepeo.

Sasa rangi zenyewe. Ngozi ya aksolotli hupakwa na seli za aina tatu, tuziite mafundi rangi watatu. Wa kwanza ana kopo la nyeusi na hudhurungi. Wa pili ana manjano. Wa tatu hana rangi hasa, kopo lake lina mng'aro, kama ule wa ngozi ya dagaa mbichi. Wote watatu wakifanya kazi, unapata rangi ya mwitu niliyoieleza hapo juu.

Akikosekana fundi wa mng'aro, na wa nyeusi wakaongezeka, unapata anayeitwa melanoidi. Huyu ni mweusi wa mkaa, au kijivu kizito, bila tone la dhahabu. Dukani wa mwitu na melanoidi mara nyingi huitwa "mweusi" wote wawili, na mnunuzi hulipa bila kujua amepewa yupi. Mwangalie jicho. Likiwa na pete inayong'aa, ni wa mwitu. Likiwa jeusi tupu, ni melanoidi. Wapo pia wasio na manjano, wa kijivu chenye kuelekea zambarau, lakini hao tuwaache, hata wafugaji wazoefu hubishana juu yao.

Mweupe wa pinki ni mafundi wasiosafiri. Seli za rangi huanzia kwenye mstari wa mgongo wa mtoto akiwa bado ndani ya yai, kisha husambaa mwili mzima. Kwake hazisambai. Macho hupata rangi yake kwa njia nyingine, ndiyo maana hubaki meusi. Albino ni habari tofauti: fundi wa nyeusi amefika kazini ila kopo lake ni tupu, basi hata macho hayana weusi. Tena ualbino huo haukutoka Xochimilco. Mwaka 1962 mtaalamu wa Kimarekani, R. R. Humphrey, alipandisha aksolotli na salamanda albino wa spishi nyingine, na jeni ile ikaingia kwenye ukoo wa maabara. Kwa hiyo kama ni lazima tumtafute chotara, tuanze na huyu albino, tumwache mweusi. Yule wa buluu wa kwenye Minecraft hayupo duniani. Nilipomwambia mpwa wangu, hakunisemesha siku mbili.

Umelanoidi hurithiwa kimyakimya. Kila mtoto hupokea nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na ili awe melanoidi sharti zote mbili ziwe za umelanoidi. Wazazi wawili wa rangi ya mwitu, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja iliyojificha, wanaweza kutoa mtoto mmoja melanoidi katika kila wanne, kwa wastani. Ni kanuni ileile inayofanya baba na mama weusi wampate mtoto mwenye ualbino, jambo lililowaponza kina mama wengi wa kwetu kwa shutuma zisizo na msingi. Dada yangu aliuliza jini, jibu likawa jeni. Herufi moja tu.

Weusi unabadili nini kwenye matunzo?

Kidogo sana. Mweusi si mkali kuliko mweupe, hana sumu, wala hana ugumu wa pekee, ingawa wauzaji wengine hudai hivyo. Tofauti iko kwenye kumsoma.

Mweupe akiunguzwa na maji mabaya, wekundu huonekana kwenye ngozi. Kwa mweusi wekundu huo umefunikwa na rangi, kwa hiyo unamsoma kwa mkao: matamvua yamekunjwa kuelekea mbele, ncha ya mkia imepinda kama ndoana, nyuzi za matamvua zinazidi kuwa fupi, chakula kinapita mbele ya mdomo hakiguswi. Upande mwingine una nafuu: kuvu, ambao huota kama vipamba vyeupe, kwa mweusi unauona ukiwa mlangoni. Matamvua yake nayo yasikutishe. Ya mweupe ni mekundu kwa sababu damu inaonekana kupitia ngozi. Ya mweusi huwa kijivu au zambarau iliyoiva, na hilo si upungufu wa damu.

Halafu anabadilika. Si kama kinyonga, lakini akikaa juu ya mchanga mweupe kwa wiki kadhaa hufifia, na juu ya sakafu nyeusi hukoza. Akipevuka, ncha za vidole hupauka kidogo. Mpwa wangu alimwita wake Mkaa, na kufikia mwezi wa nne Mkaa alikuwa rangi ya majivu. Simu ikalia tena usiku.

Unachofuga hasa ni maji

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona matangi mengi mazuri yakiwa makaburi.

La kwanza ni baridi. Rudi kwenye zile mita 2,200. Aksolotli anataka maji ya nyuzi joto 16 hadi 18. Yakivuka 20 anaanza kutaabika, yakifika 24 na kukaa hapo, ugonjwa hauko mbali. Maji ya uvuguvugu hubeba oksijeni kidogo, na wakati huohuo mwili wake huenda mbio na kuhitaji zaidi, huku kuvu na bakteria wakistawi. Tangi langu hapa Dar, bila kifaa chochote cha joto, husoma 28. Samaki wangu wa kitropiki wanafurahi. Aksolotli angekuwa anachemshwa polepole.

Binamu wa Muscat aliniuliza kama feni inatosha. Feni hufanya kazi kwa kanuni ya mtungi: maji yanayovukizwa huondoka na joto, yanayobaki yanapoa. Kwa mtu wa Nairobi au Arusha, ambaye anatafuta kushusha nyuzi mbili tatu, feni ndogo juu ya tangi inaweza kumvusha. Kwa mtu wa pwani haitoshi, kwa sababu hewa yenyewe imelowa, na ndiyo maana siku za mvuke hata mtungi haupozi vizuri. Chupa za barafu nazo hushusha joto kwa ghafla kisha likapanda tena, na huko kupanda na kushuka ni adha nyingine. Ni dawa ya dharura, si mpango. Kinachobaki ni mashine ya kupoza maji, inayouzwa ghali na kula umeme mchana na usiku, na umeme usipokatika. Ndiyo maana jibu langu kwa anayeishi Dar, Mombasa, Zanzibar au Muscat huwa fupi: mwache. Wapo samaki wazuri wanaopenda joto letu.

Msidhani Minneapolis ni rahisi. Nje kuna theluji, lakini ndani nyumba inapashwa joto hadi 21 na zaidi. Mkaa amehamishiwa chumba cha chini ya ardhi, karibu na mashine ya kufulia, ambako kipimajoto hakivuki 17.

La pili ni choo, na hapa ndipo dada yangu alipoteleza. Alinunua tangi, filta na mnyama siku moja, muuzaji akimhakikishia kwamba maji yakitulia saa chache yanatosha. Siku ya nane matamvua yalikuwa yamekunjamana na Mkaa hataki kula. Kilichotokea ni hiki. Uchafu wa mnyama wa majini hutoa amonia, na amonia huunguza. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta: kundi moja hula amonia na kutoa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine hula nitriti na kutoa nitrati, ambayo haina makali hayo ila ikizidi nayo hudhuru, na wewe unaipunguza kwa kubadili maji. Kwenye tangi jipya bakteria hao hawapo. Kumtia mnyama humo ni kuihamishia familia kwenye nyumba ambayo choo hakijachimbwa. Siku mbili tatu mtavumilia.

Kujenga choo hicho huchukua wiki nne hadi nane. Unawasha filta, unatia amonia kidogo kidogo kwenye tangi lisilo na mnyama, unapima kwa vile vichupa vya matone vinavyobadili rangi. Siku amonia na nitriti zote zinaposoma sifuri ndani ya siku moja baada ya kutiwa, na nitrati ikaonekana, hapo ndipo unaenda dukani. Ipo njia ya mkato ambayo kila anayegandisha maziwa anaielewa: chukua kipande cha sponji kutoka kwenye filta ya tangi kongwe na lenye afya, kiweke kwenye filta yako, kama unavyotia mtindi wa jana kwenye maziwa ya leo. Dada alikuwa ameshachelewa, kwa hiyo kila siku alibadili sehemu ya maji kwa mkono, na Mkaa akahamishiwa kwenye beseni la plastiki kwa wiki tano. Alipona. Wengi hawaponi.

Maji ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini. Zamani tuliambiwa tuyaache kwenye ndoo usiku kucha. Hilo husaidia kama ni klorini peke yake, lakini miji mingine hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kuachwa. Klorini inayowalinda watoto wetu na kipindupindu ndiyo inayoua wale bakteria wa filta na kuunguza matamvua. Baada ya hapo ni kazi ya kila wiki: toa robo ya maji, rudisha safi ya joto lilelile.

Mengine nitayapitia haraka. Tangi la mmoja mkubwa lisipungue lita 110 hivi, na urefu una maana kuliko kimo, kwa sababu anatembea chini zaidi ya anavyoogelea. Kokoto usiweke kabisa: anakula kwa kufungua mdomo ghafla na kuvuta maji pamoja na kilichomo, na kokoto humezwa na kuziba utumbo. Weka mchanga laini sana, au acha kioo kitupu. Hana kope za kufumba, hivyo taa iwe hafifu na pawe na pango la kujificha, hata kipande cha chungu kilichovunjika, ilimradi kingo zake zisiwe kali. Filta isitoe mkondo wa nguvu, kwao kuna mifereji, hakuna maporomoko.

Chakula bora ni nyungunyungu, walewale wa chambo, wasiotoka kwenye udongo uliopuliziwa dawa. Mkubwa analishwa kila baada ya siku mbili au tatu, mdogo kila siku, na makombo yatolewe. Mwenzake pekee anayemfaa ni aksolotli wa ukubwa uleule, na hata huyo si lazima. Samaki hudonoa matamvua yake, au humezwa. Wadogo hutafunana miguu. Jike na dume ukiwaweka pamoja jiandae kwa mayai, mia hadi elfu moja kwa utagaji mmoja, na hapo ndipo utajua marafiki zako ni wangapi.

Yanayosemwa mitaani

"Akikatika mguu unaota tena, kwa hiyo hadhuriki." Nusu ya kwanza ni kweli na inastaajabisha: anaotesha mguu mzima wenye mifupa na vidole, mkia, sehemu za uti wa mgongo, za moyo, hata za ubongo. Ndiyo sababu maabara zinamfuga kwa karne na nusu, na ndiyo sababu mwaka 2018 wanasayansi walipochapisha jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo kwenye seli zake, ilikuwa habari kubwa, herufi bilioni 32, mara kumi ya zetu. Lakini jeraha ni jeraha. Huuma, huota kuvu kwenye maji machafu, na humla nguvu mnyama anayeotesha kiungo kwa wiki nyingi. Wala hakuna dawa ya binadamu iliyokwisha kupatikana kutoka kwake. Anayekuuzia kitu cha hivyo anakuibia.

"Ukimtia aidini atageuka awe wa nchi kavu." Video za namna hiyo zipo. Homoni ya thairoidi kweli inaweza kumlazimisha, na aidini ndiyo malighafi yake, ila wengi hufa katika jaribio, na anayepona huishi maisha mafupi kuliko angeishi majini. Sijui mtoto anafundishwa nini hapo.

"Kumfuga ni kuiokoa spishi." Hapana. Wanaofugwa ni wengi mno duniani, wametokana na wazazi wachache wa Paris, na wana chembe ya damu ya yule salamanda wa Humphrey. Hawawezi kurudishwa Xochimilco. Kazi ya huko ni ya kusafisha mifereji na kuzuia samaki wageni, na wapo watafiti wa chuo kikuu cha UNAM wanaoshirikiana na wakulima wa chinampa kuifanya. Kumwachia mtoni popote pengine ni kosa. California na Maine zimepiga marufuku kabisa kumfuga, na California inahofia salamanda wake wa asili. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza sheria ya mahali ulipo.

Wiki iliyopita dada aliuliza swali jipya. Wanakuja Dar mwezi wa kumi na mbili, wiki tatu, na mpwa wangu anataka Bibi amwone Mkaa. Je, wamlete? Nikamwambia aksolotli yuko tangu 1975 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hivyo kuvuka mpaka kunataka vibali. Na hata vibali vikipatikana, atashukia kwenye nyuzi 28. Wamekubaliana Bibi atamwona kwa simu. Jirani ameshapewa ufunguo na kuonyeshwa namna ya kusoma kipimajoto, na kopo la nyungunyungu liko kwenye friji, pembeni ya maziwa, limeandikwa kwa kalamu nyekundu: SI CHAKULA.